Lugha Iliyoitwa Nongwa

Mama Onyo hakuwa na mtoto aitwaye Onyo. Hakuwa na mtoto kabisa. Jina hilo alibandikwa na bosi wake wa zamani mbele ya ofisi nzima, na ofisi nzima ikacheka, na jina likamganda. Kazi ilikwenda, miaka ikaenda, bosi akabaki kwenye kiti chake, lakini jina alitoka nalo. Ndicho kitu pekee alichotoka nacho.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya kutengeneza vidhibiti vya pampu za maji: visanduku vya chuma vya kufunga ukutani, vyenye kiskrini cha mistari michache, ambavyo kazi yake ni kupima maji yaliyomo kwenye tangi, kuwasha pampu yakipungua na kuizima yakijaa. Ndani ya kila kisanduku huishi programu ndogo. Mama Onyo alikuwa akiziandika programu hizo. Alisomea kazi hiyo chuo kikuu na aliipenda kwa utulivu, kama mtu anavyopenda chumba chake mwenyewe.

Meza ya pembeni yake ilikuwa ya shoga yake. Walisoma pamoja, wakaomba kazi pamoja, wakagombania dirisha moja la ofisi mpaka wakaamua kupeana zamu. Shoga alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti na kula kwao Mama Onyo kila Jumapili, hadi mama mzazi wa Mama Onyo akazoea kumwita mwanangu wa pili.

Bosi wao walimwita Bwana Shwari, ila si usoni kwake. Ukimwambia waya zimeungua, atasema shwari. Mteja ameghadhibika, shwari. Umeme umekatika nchi nzima, shwari tu, mambo madogo. Alikuwa na tabia moja ambayo wote waliijua: hakai mpaka kitu kiwake. Anaamuru, anapiga makofi mawili, anaondoka, na anarudi siku ya kukabidhi akiwa na wageni na tai mpya.

Sasa, kompaila ni programu inayosoma maandishi ya binadamu na kuyageuza kuwa amri ambazo mashine inazielewa. Ikikuta kosa la wazi, inagoma. Ikikuta jambo la kutilia shaka tu, haigomi. Inaandika mstari wa njano wa kukuonya, kisha inaendelea na kazi kama mtumishi aliyekwisha kusema lake. Siku hiyo Bwana Shwari alipita nyuma ya kiti cha Mama Onyo akaona skrini imejaa njano.

"Hizi ni za nini?"

"Onyo, bosi. Kina cha maji kikizidi kiasi fulani, namba yake haienei pale tulipoiweka. Inarudi sifuri. Unamimina ndoo kwenye kikombe."

"Kwani kitazidi?"

"Siku mtu akifunga tangi refu kuliko hili la majaribio, kitazidi. Pampu itadhani tangi ni tupu. Itasukuma maji tu."

"Siku hiyo tutaongea. Zinyamazishe, wageni wako njiani."

"Sinyamazishi, bosi. Nipe mpaka kesho nirekebishe."

Bwana Shwari alirudi nyuma hatua, akafungua mikono kama mchekeshaji jukwaani. "Jamani, njooni mumwone Mama Onyo! Anaonya asubuhi, anaonya jioni. Mumewe akipatikana, ataonywa mpaka ahame." Hapo ndipo watu walipocheka. Kisha akamgeukia shoga. "Wewe, msaidie mwenzako. Mkono wake mzito."

Shoga aliinuka. Aliinama juu ya bega la Mama Onyo, akisema kwa sauti ya chini, "Hebu tu, shoga, tuyamalize," na kwa vidole vyake vyembamba akaandika amri fupi kwenye kompyuta ya Mama Onyo. Mistari ya njano ikazimika yote kwa pamoja, skrini ikawa safi kama uso wa mtu asiye na hatia.

"Shwari," akasema bosi, na makofi mawili.

Tangi refu lilipatikana. Lilikuwa juu ya paa la bweni moja la wanafunzi. Maji yalifurika asubuhi nzima, yakashuka ngazi kama mto uliopotea njia, na mlinzi wa bweni, mtu mzima mwenye wajukuu, alipopanda kutafuta koki ya kufunga, aliteleza akavunjika nyonga. Ukaitishwa mkutano. Mafundi walikuwa wameshachimbua na kuona kwamba onyo lilikuwepo na lilinyamazishwa, na kwamba lilinyamazishiwa kwenye kompyuta ya Mama Onyo. Bwana Shwari alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyevunjwa moyo na mwanawe. Mama Onyo alisema yote yalivyokuwa. Wakamgeukia shoga, aliyekuwepo, wamuulize ilikuwaje.

Shoga aliangalia kucha zake. "Kompyuta ilikuwa yake," akasema.

Sentensi hiyo haikuwa na uongo hata chembe. Ndiyo maana ilimmaliza.

*

Alifungua kiduka cha fotokopi na picha za pasipoti kwenye barabara ya nyuma ya soko, chini ya nyumba aliyokaa na mama yake. Kilikuwa na printa kubwa iliyokwama mara kwa mara, benchi la wateja, na shata la chuma lililopinda upande mmoja. Shata hilo lilitaka watu wawili kulishusha, kila mmoja na pembe yake. Yeye alilishusha peke yake kwa mti wa fagio, akizunguka huku na huku kama anayemkamata kuku.

Mlinzi wa bweni alikaa mtaa huo huo. Alipita mbele ya duka kila siku na gongo lake. Mama Onyo alimwamkia siku za mwanzo. Mzee hakuitikia. Alikuwa ameambiwa ni nani aliyemvunja nyonga, na hakuwa na sababu ya kutokuamini. Alikuwa akipita, gongo likigonga sakafu ya kibaraza, na kila lilipogonga Mama Onyo alihisi kama mtu anampigilia msumari kwenye jina lake.

Watu wengine katika hali hiyo hulewa. Wengine huokoka. Mama Onyo alitunga lugha.

Alikuwa nayo kichwani tangu zamani kama mchezo, jambo la kufanya mtu asipokuwa na jambo: lugha ya kuandikia programu ambayo maneno yake ni ya watu wa kawaida, ambayo fundi wa pampu anaweza kuisoma akaelewa. Sasa mchezo ule ulipata meno. Kuunda kompaila nzima si kazi ya mtu mmoja. Lakini kuna kompaila kubwa, maarufu, ya bure, ambayo maelfu ya watu wameijenga kwa miaka mingi, na ambayo imekatwa sehemu mbili. Sehemu ya nyuma ndiyo yenye misuli. Inajua kila aina ya mashine, inapunguza, inanoa, inatoa amri zilizokamilika. Sehemu ya mbele ndiyo inayokutana na binadamu: inasoma maandishi yake, inayakata maneno, inayapanga maneno yawe tawi na matawi yawe mti, inaukagua mti ule kama una maana, kisha inaukabidhi nyuma. Yeyote anayetaka lugha yake mwenyewe anaweza kutengeneza sehemu ya mbele tu na kuifunga kwenye misuli ya wenzake.

Na sehemu ya mbele ndiyo inayoonya. Mama Onyo hakutaka misuli. Alitaka mdomo.

Alasiri, wateja wakishaondoka na mtaa ukilala kwa joto, alivuta kiti nyuma ya printa, akaweka kompyuta juu ya maboksi ya karatasi na kuandika. Mama yake alikaa kwenye benchi akishona vifungo vya nguo za jirani, miwani imening'inia puani.

"Hiyo lugha yako inasemwa na nani?"

"Kwa sasa na mimi peke yangu, mama."

"Basi hiyo si lugha, ni kujisemesha. Watu wa mtaani wakiuliza, niseme nini?"

"Sema natengeneza programu."

"Nitasema umepata mchumba wa ng'ambo. Hilo wataelewa." Akakata uzi kwa meno. "Umeipa jina?"

"Nongwa."

Mama alimtazama binti yake juu ya miwani. "Angalau hujidanganyi," akasema, akarudi kwenye kifungo chake.

Kiini cha Nongwa kilikuwa neno moja: nyamazisha. Katika lugha nyingine unaweza kuzima maonyo yote kwa amri moja, kimya kimya, kwenye kompyuta ya mwenzako. Katika Nongwa huwezi. Unanyamazisha onyo moja moja, na kila mara sehemu ya mbele inakusimamisha na kukuuliza: nani ananyamazisha? Usipoandika jina, haikutengenezei programu. Ukiliandika, jina hilo linaingia ndani ya programu yenyewe, linasafiri nayo hadi kwenye kisanduku ukutani, na siku yoyote mtu akiwasha pampu, kiskrini kinasema ni onyo gani lilinyamazishwa na ni nani aliyelinyamazisha. Hilo ndilo alilolitaka. Mkono uliozima uonekane hadi kwenye ukuta wa bweni.

Mara ya kwanza alipolijaribu, jina halikuwemo. Alilinyamazisha onyo kwa jina lake mwenyewe, akatengeneza programu, akaifungua na kuipekua ndani. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa jina. Alirudia. Aliangalia upande wake, mstari kwa mstari, na upande wake ulikuwa sawa. Aliukabidhi mti ukiwa na jina. Kulikoni?

Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa aliweka kalamu chini akakaa. Sehemu ya nyuma, ile yenye misuli, huchunguza kila kitu inachopewa na kujiuliza kama kina kazi. Kama hakuna mstari wowote unaokitumia, inakitupa, ili programu iwe nyepesi. Jina lake lilikaa pale bila kazi. Hakuna aliyelihitaji ili pampu iwake. Basi likaondolewa, bila onyo, bila chuki, kwa ustadi mkubwa.

"Vipi?" mama yake aliuliza, maana binti alikuwa akicheka kicheko kisicho na raha.

"Hata mashine, mama. Hata mashine imeniona sina kazi."

"Basi jipe kazi," alisema mama, aliyekuwa hajui binti anazungumzia nini.

Alijipa. Alibadilisha mpango mzima. Sasa programu ikiwashwa, kitu cha kwanza kabisa ilichofanya ni kulisoma jina, herufi kwa herufi, na kutokana na herufi hizo kupata ufunguo wa kuruhusu pampu. Bila jina hakuna ufunguo. Bila ufunguo pampu haigeuki hata nusu mzunguko. Sehemu ya nyuma ilichunguza, ikakuta jina lina kazi, ikaliacha. Mama Onyo alipoliona limekaa humo, zima, alilipapasa juu ya kioo kwa kidole kama anayepapasa kovu.

Akaitoa Nongwa kwenye intaneti, bure, bila jina lake. Kisha akangoja.

*

Lugha ina bahati yake kama watu. Mafundi wa pampu waliipenda kwa sababu walielewa kilichoandikwa. Wanafunzi waliipenda kwa ajili ya maonyo yake, yaliyosema nao kama shangazi: *unamimina ndoo kwenye kikombe*, *umemwita mtu asiyezaliwa*, *unagawa kwa sifuri, utampa nani?* Baada ya muda Mama Onyo alisikia kwa fundi mmoja, aliyekuja kupiga picha ya pasipoti, kwamba kampuni fulani ya vidhibiti vya pampu imehamia kwenye lugha mpya ya Kiswahili, na bosi wao anatembea nayo kila mahali akijisifu kwamba ni teknolojia ya nyumbani.

"Angalia hapa kwenye kamera," Mama Onyo alimwambia. "Usicheke." Mwenyewe alikuwa akicheka.

Kuanzia hapo alikuwa mtu mwingine. Alipika akiimba. Alimwazia Bwana Shwari amesimama mbele ya kisanduku, tai mpya, wageni nyuma yake, na jina lake mwenyewe likimulika kwenye kiskrini. Aliifuga picha hiyo, akailisha, akailaza kitandani pembeni yake.

Siku shoga alipoingia dukani, kulikuwa na mteja kwenye benchi. Shoga alikuwa amekonda. Alisimama kaunta, akatoa karatasi moja kwenye mkoba.

"Naomba kopi mbili."

Mama Onyo alichukua karatasi. Ilikuwa tupu. Aliiweka kwenye mashine akatoa kopi mbili za karatasi tupu, akampa. Mteja wa benchi alichukua picha zake akaondoka, akigeuka nyuma mara mbili.

"Ni wewe," shoga alisema. "Nilijua toka siku ya kwanza. Ndoo kwenye kikombe. Ni nani mwingine anasema hivyo?"

"Mbona hukumwambia bosi wako?"

"Angeitupa. Na mimi naipenda." Alizikunja zile kopi tupu vipande vidogo. "Kuna tangi jipya, la hospitali. Refu kuliko lile. Vipimio vimeshanunuliwa na kufungwa, na ni vile vile vya kikombe, visivyobeba namba kubwa. Onyo limetoka lile lile. Amesema ninyamazishe."

"Lugha inauliza jina."

"Niliandika langu. Alisimama nyuma yangu, akasema weka lako, shwari, ni mambo ya kompyuta tu."

Utamu ulimshuka Mama Onyo kooni taratibu, utamu mzito, kama dawa ya kikohozi. Jina la huyu. Vidole hivi. Ungemkuta wakati huo ungesema anasali. Lakini nyuma ya utamu kukaja uchungu, na uchungu ulikuwa na uso wa mtu mwenye tai. Aliona alichokifanya. Kwa miaka yote ile alitengeneza mtego unaouliza swali moja, na swali lenyewe lilikuwa la Bwana Shwari. Nani ananyamazisha? Mkono wa nani? Kompyuta ya nani? Mtu asiyegusa kitu asingenaswa kamwe. Alikuwa amejenga mkutano ule ule, akauweka ndani ya mashine, na ungekaa kila mahali palipo na pampu.

"Futa jina langu," shoga alisema. "Wewe unaweza. Nakuomba."

"Siwezi. Pampu haiwaki bila hilo."

"Basi nifanyeje?"

"Kwa nini lisirekebishwe kabla hamjakabidhi?"

"Vipimio vyote vibadilishwe. Hataki hata kusikia. Alhamisi wanakuja wakaguzi wa hospitali."

Mama yake Mama Onyo alikuwa ameshuka ngazi, amesimama kwenye mlango wa ndani na sindano mkononi. "Huyu amefuata nini?"

"Kopi, mama," alijibu Mama Onyo.

"Zamani alifuata wali." Mama akapanda ngazi polepole, akiguna kila kipandio ili wasikie.

Mama Onyo aliegemea kaunta. "Nikiongeza swali," alisema, "utalijibu?"

"Swali gani?"

"Nani ameamuru?"

Shoga aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu aingie walitazamana. Nje gongo la mlinzi lilipita, likigonga kibaraza, na wote wawili wakalisikiliza mpaka lilipopotea.

"Yule ndiye?" shoga aliuliza.

"Ndiye."

"Ongeza," shoga akasema. "Nitajibu."

Alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka. "Ungeweza kuuliza la amri peke yake. Hili la mkono ukaliondoa."

"Ningeweza."

*

Ilikuwa kazi ndogo. Sehemu ya mbele ilisoma jina moja baada ya neno *nyamazisha*. Sasa ilitaka mawili. Kwenye mti, tawi lililokuwa na jani moja likapata la pili. Kwenye kiskrini, mstari mmoja ukawa miwili: Mkono, na chini yake Kauli. Alibadilisha namna ufunguo unavyopatikana ili yatumike majina yote mawili, maana hakutaka sehemu ya nyuma imwone yeyote kati yao hana kazi.

Aliketi akiutazama mstari wa Mkono kwa muda mrefu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufutia. Alimkumbuka shoga akila kwao Jumapili, akikwangua sufuria, akicheka mpaka maji yanamtoka puani. Alizikumbuka kucha zake. Kompyuta ilikuwa yake. Akaondoa kidole, akaitoa Nongwa mpya ilivyo.

Alhamisi asubuhi simu iliita. Ilikuwa shoga, lakini hakuongea. Simu iliwekwa mahali, mfukoni au juu ya kisanduku. Mama Onyo alisikia nyayo kwenye sakafu ya saruji, na mwangwi wa chumba cha pampu, na kicheko ambacho angekitambua hata kaburini.

"Dada, utatupiga picha saa hii?" aliuliza mteja, kijana aliyeleta mtoto wake.

"Subiri." Aliziba sikio la pili kwa kiganja.

"Teknolojia ya nyumbani kabisa, mama mkaguzi," ilisema sauti ya Bwana Shwari. "Hata mtoto wako ataisoma. Washa!"

Kikasikika kitufe. Kisha sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu aliyezoea kusoma kwa sauti ili wengine waandike: "Onyo la kina cha maji limenyamazishwa. Mkono..." akalitaja jina la shoga. "Kauli..." akalitaja la Bwana Shwari, jina lake kamili, ambalo ofisini hakuna aliyelitumia.

Maji yalidondoka mahali fulani, tone, tone.

"Ah, hayo ni mambo ya kompyuta tu," alisema Bwana Shwari. "Shwari. Zima uwashe, yataondoka."

Kitufe. Kitufe tena. Mkaguzi akasoma upya, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza.

"Futa hiyo!"

"Haifutiki, bosi," ilisema sauti ya shoga. Ilitetemeka, lakini ilitoka. "Pampu haiwaki bila kuyasoma majina."

"Na hili onyo linasema nini?" aliuliza mkaguzi.

"Linasema tangi likijaa, pampu itadhani ni tupu."

"Juu ya wodi?"

"Juu ya wodi."

"Nani katengeneza upuuzi huu?" Bwana Shwari alikuwa sasa anafoka. "Nani kaweka hii lugha kwenye ofisi yangu?"

"Mama Onyo."

Mama Onyo alifumba macho. Hapo ndipo alipokuwa akipangojea. Angesikia jina hilo likimwingia bosi kama mwiba wa samaki.

"Mama Onyo ndiyo nani?" akauliza Bwana Shwari.

Hakuwa akijifanya. Sauti ya mtu anayejifanya ina uangalifu ndani yake, na hii haikuwa nao. Alikuwa amemsahau. Jina alilombandika yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mikono imefunguliwa, lilimtoka siku ile ile na makofi mawili. Kwake lilikuwa halina kazi. Mama Onyo alisimama na simu sikioni, akahisi miaka yote ile ya nyuma ya printa ikimporomokea miguuni.

"Yule uliyemfukuza kwa tangi la bweni," shoga alisema, na sasa sauti haikutetemeka. "Mlipouliza nani alinyamazisha, nilisema kompyuta ilikuwa yake. Kompyuta ilikuwa yake. Mkono ulikuwa wangu. Kauli ilikuwa yako."

"Andika hayo," mkaguzi akamwambia mtu. Kisha simu ikakatika.

Kijana wa picha alikuwa bado amesimama, mtoto amemshika mkono. "Kuna msiba?" aliuliza kwa upole.

"Hapana," alisema Mama Onyo, akichukua kamera. "Mtoto akae wima. Asicheke."

*

Hospitali ilikataa kupokea kazi. Bwana Shwari alipewa likizo, na likizo yake ilikuwa ya aina ile isiyokuwa na siku ya kurudi. Lakini kabla yake alifukuzwa shoga, kesho yake asubuhi, kwa barua ya sentensi mbili. Mkono huonekana kwanza.

Alikuja jioni moja, wateja wamekwisha. Hakuomba kopi. Alikaa kwenye benchi na mkoba mapajani.

"Nimetoka kwa yule mzee mlinzi," alisema. "Nimemwambia yote."

"Akasemaje?"

"Amenifukuza. Amenirushia kikombe."

"Kimekupata?"

"Cha plastiki."

Mama Onyo alikata karatasi, akazipanga, akazigonga mezani ziwe sawa. Hakumwambia aondoke. Hakumkaribisha nyuma ya kaunta pia. Kutoka juu mama yake aliita kwa sauti, akiuliza huyo aliye chini ni mteja au ni nani, na hakujibiwa.

"Ulifikiria kuuondoa?" shoga aliuliza. "Ule mstari wangu."

"Nilifikiria."

Shoga alitikisa kichwa, kama mtu aliyepimwa nguo akaambiwa kipimo alichokwisha kukijua. Nje, kwenye kibaraza, gongo lilikuja likigonga. Lilifika mbele ya duka likasimama. Mzee alichungulia ndani, akamwona mmoja, akamwona wa pili. Midomo yake ilicheza. Lakini kabla ya kuendelea na safari yake aligonga gongo chini mara moja mahali pale pale alipokuwa amesimama, kama abishaye hodi, ndipo akaenda.

Mama Onyo alizima printa. Alizima taa ya nyuma. Alichukua mti wa fagio kwenye kona, akautazama, akaurudisha. Alitoka nje, akashika pembe moja ya shata, ile iliyopinda.

Hakuwa amesamehe. Aliutafuta msamaha ndani yake, kwa uaminifu kabisa, kama anavyotafuta hitilafu, na haukuwepo.

"Shika huko," alisema, bila kumwangalia.

Shoga aliweka mkoba chini akashika huko. Shata lilishuka likilalama, upande mmoja ukitangulia, mwingine ukifuata.